Nani Alikaza Kamba?

Kama wewe ni wa Ukambani na unaishi Nairobi, unajua safari ya Disemba. Unaanzia Machakos Airport, ile stendi ya mabasi ambayo haijawahi kuona ndege ikitua, unakaa magunia yakiwa magotini, unapita Machakos, unapita Masii, unafika Tawa jasho likikutoka. Halafu kama kwenu ni Mbooni ya juu, gari linaanza kupanda. Masikio yanaziba. Mtu anafunga dirisha. Ukifika Kikima unatafuta sweta, na watu wa Nairobi wanashangaa ati Ukambani kuna baridi.

Kwenye ile barabara ya kupanda, miaka ya nyuma, kila Disemba ungepishana na pikapu imebeba disko. Hivyo ndivyo tulivyosema, "imebeba disko", kama vile disko ni gunia la mahindi. Spika mbili nyeusi kubwa kama kabati zimesimama nyuma ya kebini, jenereta, masanduku ya amplifaya, nyaya, magodoro mawili, na juu ya hayo yote vijana watatu wameng'ang'ania. Sisi watoto tulikimbia nyuma yake hadi vumbi litushinde.

Mjomba wangu alikuwa mwenye pikapu moja kati ya hizo. Kwa miaka mingi nimetaka kuandika juu ya kazi yake, na kwa miaka mingi nimeahirisha, kwa sababu kuna asubuhi moja katika hadithi hiyo ambayo inanihusu.

Tuanze mbali kidogo, maana kubeba mzigo Mbooni hakukuanza na injini.

Vilima vya Mbooni ni mahali ambapo masimulizi ya Wakamba yanarudi tena na tena. Wazee husimulia kwamba watu walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapita nyika za chini, wakakaa Nzaui, kisha wakapanda Mbooni, na ni kutoka Mbooni ndipo koo zilipotawanyika, nyingine zikavuka mto Athi kuelekea Kitui. Wanahistoria wengi wanaweka makazi hayo ya Mbooni katika karne ya 17. Juu kuna mvua na ardhi nzuri, chini kuna joto, malisho na pembe za ndovu. Watu wa mahali kama hapo lazima wawe wabebaji, kwa sababu kila kitu unachohitaji kiko upande wa pili wa mteremko.

Na walikuwa wabebaji kweli. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba, mamia ya watu kwa safari moja, ndiyo iliyoshika biashara ya pembe kati ya bara na Mombasa. Kivoi wa Mwenda wa Kitui, ambaye mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara wa misafara kabla hajawa jina la vitabuni. Nyumbani wanawake walibeba kuni na maji kwa mũkwa, mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso na kuuzunguka mzigo mgongoni. Susu yangu alikuwa na alama ya mkanda huo kwenye paji, mfereji mdogo ambao nilipenda kuupitishia kidole. Mũkwa ni somo zima la kufunga mzigo: uzito unakaa karibu na mwili, chini kuliko unavyodhani, na mkanda hauachi nafasi ya mzigo kucheza. Mzigo ukicheza, shingo ndiyo inayolipa.

Halafu wakaja Waingereza na kuufanya ubebaji kuwa amri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia vijana walichukuliwa kwenda Kariakoo, kikosi cha wapagazi, na makumi ya maelfu kutoka Afrika Mashariki hawakurudi. Jina hilo limebaki Nairobi, Kariokor, na Dar es Salaam, Kariakoo, na wengi wetu tunanunua viatu hapo bila kufikiri. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, kama kilo 27. Nikumbuke nambari hiyo, nitaihitaji.

Reli nayo ilitupita. Machakos ilikuwa kituo cha Waingereza tangu 1889, miaka kumi kabla reli haijafika Nairobi, lakini mstari ulipita mbali, huko chini Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud. Mbooni ikabaki na miguu, punda, na baadaye malori machache yaliyopanda mlima yakipiga kelele. Kwa hiyo ngoma nazo zilisafiri kwa miguu. Ngoma ya kilumi, ile ndefu ambayo mwanamke huikalia akiipiga, ilibebwa na mtu mmoja begani kutoka boma hadi boma. Sherehe ilikuwa na uzito ambao mtu mmoja angeweza kuuinua.

Umeme ndio uliobadilisha uzito huo.

Benga ilizaliwa kwa Waluo, karibu na Ziwa Victoria, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imekaa Ukambani kama mwenyeji. Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers walikuwa wakubwa hadi alipofariki mwaka 1987. Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Kalambya Boys, na Kalambya Sisters wao. Lower Mbooni Boys, ambao jina lao peke yake lilitufanya tutembee kifua mbele. Santuri zilitengenezwa na kuuzwa Nairobi, River Road na mitaa ya karibu, lakini watu waliotaka kucheza walikuwa masokoni, mbali na stima. Gitaa la umeme halina sauti bila amplifaya, amplifaya haina uhai bila jenereta, na jenereta haitembei yenyewe. Mtu lazima alete vyote hivyo mlimani.

Hapo ndipo pikapu inaingia. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilikuwa imepata viwanda vitatu vya kuunganisha magari, Thika, Mombasa na Nairobi, na magari madogo ya mizigo yakaanza kuonekana kwenye masoko ambako zamani kulikuwa na lori moja tu la duka la mhindi. Mjomba alianza na Datsun 1200 mnamo 1984, ya mtumba, rangi ya maziwa. Ile Datsun ilikusudiwa kubeba kama nusu tani. Akaongeza springi kwa fundi wa Machakos hadi ikawa imeinua matako kama mbuzi anayepanda mawe, na akadhani sasa inabeba tani. Springi huzuia gari kulala. Breki hazijui kwamba umeongeza springi. Hilo alilijua baadaye, akanunua Peugeot 504 pikapu, ambayo kweli ilibeba tani moja na kidogo zaidi, na ambayo madereva wa zamani bado wanaitaja kwa sauti ya watu wanaomtaja marehemu.

Mwanzoni alibeba bendi. Kuelekea miaka ya 1990 bendi zikawa ghali, watu wakataka kaseti na mtu wa kubadilisha kaseti, na mjomba akaungana na jamaa mmoja mwenye vyombo. Ndiyo disko vumbi. Mnakumbuka, au mmesimuliwa: uwanja wa shule au nyuma ya duka, uzio wa karatasi za nailoni, kiingilio shilingi chache, na vumbi linalopanda hadi taa inakuwa ya rangi ya chai.

Sasa uzito. Spika moja ya besi yenye koni mbili za inchi 18, sanduku la mbao nzito, hupita kilo 80 bila shida. Yaani wapagazi watatu wa Kariakoo, kwa spika moja. Zilikuwa mbili, pamoja na nyingine ndogo nne. Amplifaya za zamani zilikuwa na transfoma za chuma na shaba ambazo ziliwafanya vijana waape. Jenereta ya dizeli ya mjomba, pamoja na fremu yake, ilihitaji watu wanne.

Kuvipanga ilikuwa elimu, na mjomba aliifundisha kwa matusi. Kizito mbele, kikiegemea kebini, karibu na sakafu. Kwa hiyo jenereta huingia kwanza. Kisha spika za besi, uso kwa uso, godoro katikati, ili koni zisitobolewe na kitu chochote. Kisha masanduku yajaze mapengo yote. Pengo, alisema, ni adui, kwa sababu mzigo ukipata nafasi ya sentimita kumi unapata mwendo, na mzigo wenye mwendo hauzuiwi na kamba. Ndipo kamba inakuja, mwisho, kushikilia kile ambacho tayari kimekaa.

Na ile kamba. Shuleni tulitaniwa sana, Mkamba na kamba, lakini utani huo una ukweli wake kwetu, kwa sababu mkonge ni mmea wa mpakani. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Hindorf, na kabla ya muda mrefu ulikuwa umefika kila upande. Kule Kibwezi, chini kabisa ya Makueni, shamba la Dwa limekuwa likivuna mkonge tangu enzi za wakoloni. Mbooni watu waliupanda kando ya shamba na kwenye kingo za matuta, yale matuta ya kuzuia mmomonyoko ambayo mababu walilazimishwa kuyachimba na baadaye mama zetu wakayachimba kwa hiari yao katika vikundi vya mwethya. Kwa hiyo kamba ya katani haikuwa kitu cha kununua mbali. Mjomba alikuwa na tatu, nene kama kidole gumba.

Fundo lake lilikuwa hili: unatengeneza kitanzi katikati ya kamba, unapitisha ncha kwenye ndoano ya bodi, unairudisha juu ndani ya kitanzi, unavuta kuelekea chini kwa uzito wako wote. Kitanzi kinafanya kazi kama kapi. Mtu mmoja anapata nguvu ya watu wawili au zaidi, ingawa msuguano hula sehemu. Madereva wa malori dunia nzima wanalijua fundo hilo. Mjomba aliliita tu "ile".

Mipira ya tyubu iliyokatwa mikanda ilitumika pia, kwa vitu vidogo. Kamba za plastiki za bluu zilipoingia sokoni aliziona mara moja kuwa za uongo: zinateleza kwenye fundo na jua linazila. Alikuwa na haki. Lakini katani nayo ina tabia yake. Ikilowa, nyuzi zinavimba na kamba inafupika, inakuwa ngumu kama waya. Ikikauka, inalegea. Ukiifunga kavu na mvua ikanyesha, itakaza yenyewe. Ukiifunga ikiwa imelowa, halafu jua likatoka, umefunga hewa.

Sasa nifike kwenye ile asubuhi.

Ilikuwa Disemba 2001. Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa, na kwa mara ya kwanza mama alikubali niende na mjomba kwenye disko Kikima, kwa sharti kwamba nilale ndani ya kebini. Nililala kidogo sana. Mvua za mwisho za msimu zilikuwa bado zinapita, na saa tisa usiku ikanyesha, watu wakatawanyika, na vijana wakaanza kupakia.

Hapa kuna jambo ambalo nimelielewa nikiwa mtu mzima. Wakati wa kwenda, jenereta hupakiwa kwanza, kama inavyotakiwa. Wakati wa kurudi, jenereta ndiyo inayowasha taa ya kupakilia. Ndiyo inayozimwa mwisho, ikiwa moto, na kila mtu amechoka. Kwa hiyo spika zinaingia kwanza, masanduku yanafuata, na jenereta inaishia nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi, pengo likiwa kila upande. Kila disko lililorudi nyumbani lilirudi likiwa limepangwa kinyume. Nimewauliza wazee watatu waliofanya kazi hiyo Mbumbuni na Kalawa, na wote wamecheka na kusema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, ungefanyaje?

Wakafunga kwenye mvua. Mjomba akasema tusishuke gizani barabara ikiwa tope, tungoje. Tukanywa chai kwa mama mmoja wa hoteli. Kufikia saa mbili asubuhi jua lilikuwa limetoka, lile jua kali la baada ya mvua, na upepo wa mlimani. Mjomba alikuwa akilipana pesa na mwenye uwanja. Akaniita, kwa sauti ya kunifurahisha, kama mtu anayempa mtoto cheo: kaza ile kamba ya nyuma.

Nikaenda. Nikashika ncha, nikaning'inia. Niliisikia ikicheza. Sikujua fundo, nilijua tu kuning'inia. Nikaizungusha ncha kwenye ndoano mara mbili kama nilivyoona wakifanya, na nikarudi.

"Umekaza?"

"Ndiyo, mjomba."

Wahandisi wa Ulaya wanaopanga kanuni za mizigo wanahesabu hivi: kifungo chako kiweze kuzuia asilimia 80 ya uzito kwenda mbele, kwa sababu ya breki, na asilimia 50 kwenda kando na nyuma, kwa sababu ya kona na mlima. Kama jenereta ni kilo 90, basi kwenye kona kali kuna kitu kama kilo 45 zinazosukuma kando. Mikono miwili haizuii hilo. Miguu pia haizuii.

Tanboi wetu alikuwa amekaa ukingoni mwa bodi, mguu mmoja ndani, kati ya jenereta na ubavu wa gari. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu mtu kukaa juu ya mzigo namna hiyo, na haikuruhusu wakati huo pia, lakini hakuna disko lililosafiri bila mtu juu, kwa sababu mtu aliye juu alikuwa sehemu ya kamba. Ndiyo kazi aliyolipiwa: kushika. Tuliposhuka kuelekea Tawa, kwenye kona ya tatu au ya nne, ng'ombe walikuwa barabarani. Mjomba hakuenda kasi. Alishika breki na kukata usukani kidogo. Nilisikia chuma kikiburura, halafu sauti ambayo sitaiandika.

Mguu ulivunjika mara mbili chini ya goti. Alilazwa hadi Machi. Mwenye vyombo alilipa wiki ya kwanza, kisha hakuonekana. Mjomba aliuza mbuzi, halafu ng'ombe, na mwaka uliofuata akauza ile 504, na hakubeba disko tena. Alilima. Hakuwahi kuniuliza tena juu ya kamba, hata neno moja, hadi alipofariki miaka sita iliyopita. Nilikuwa nikimtazama kila Krismasi nikijiuliza kama anajua.

Nikisoma maandishi kuhusu benga, na siku hizi yapo mengi mazuri, wazungu wanakusanya santuri na vijana wa Nairobi wanachapisha picha za zamani, naona majina ya waimbaji, wapiga gitaa la solo, wenye studio. Haki yao. Lakini muziki ule ulifika Mbooni juu ya mwili wa mtu. Kila wikendi, masoko yote yale, kulikuwa na kijana fulani amekaa juu ya spika kwa shilingi mia mbili, akizuia kwa miguu yake kitu ambacho kingehitaji mkanda wa chuma. Wangapi waliumia, hakuna aliyeandika.

Mambo yamebadilika, bila shaka. Stima imefika madukani na majumbani mengi, spika nyepesi za plastiki zina amplifaya ndani, na pikipiki, tangu serikali ilipozipunguzia kodi mwishoni mwa miaka ya 2000, hubeba disko zima kwa safari mbili. Nimeona bodaboda Tawa na spika mbili nyuma, zimefungwa kwa mipira ya tyubu, na kijana mwingine amekaa juu kuzishika. Nilitaka kusimama nimwambie kitu. Sikusimama.

Agosti iliyopita binamu yangu alioa, na nikajitolea kupeleka vyombo vya muziki kwa pikapu ya kukodi. Nilipita Tawa makusudi. Tanboi, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne na hutengeneza simu kwenye kibanda chenye kivuli cha mwembe, alinipokea kwa chai. Anachechemea, zaidi wakati wa baridi. Tuliongea juu ya bei ya maembe na juu ya bwawa la Thwake kwa muda mrefu mno. Mwishowe nikamwambia. Nikasema kamba ya nyuma nilipewa mimi nikaze, na nilijua kwamba haijakaza, nikasema ndiyo.

Alinyamaza akikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

"Mimi ndiye niliyefunga kwenye mvua," akasema. "Na mjomba wako alijua imefungwa kwenye mvua. Wewe ulikuwa mtoto." Halafu akaongeza, bila kunitazama, "Lakini ungesema tu, hapana, haijakaza. Ningeshuka nikaze."

Sikuwa na jibu. Yeye pia hakulingoja. Alisimama, akatoka hadi kwenye pikapu, akaizunguka akichechemea, akabonyeza kamba kwa kidole gumba upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Zilikuwa za nailoni, mpya, nilizonunua Machakos. Akazifungua zote. Akaniambia nipande bodini nisogeze jenereta mbele, ifike kebini, na nisiache pengo.

Ilituchukua karibu saa nzima. Tulichelewa harusi.